Kutoa maji ya moto kwenye throto: nguvu inaongezeka kweli, au ni hela yako inayopungua?



Leo tuzungumzie gari la kupelekea mizigo. Unauza kahawa ya kusaga, maharage, senene au nguo kwa WhatsApp, halafu una kaProbox au kaNoah kako ka kushusha oda kutoka Kayanga, Omurushaka au Nkwenda hadi Bukoba. Gari likibeba mzigo mlimani linalegea. Unampelekea fundi, naye anakuambia: "Hapa kuna mipira miwili ya maji ya moto inaingia kwenye throto. Tuiunganishe yenyewe kwa yenyewe, hewa iingie ya baridi, utaona linavyoruka."

Kabla hujatoa hela, soma hapa.

KWANZA, HIYO MIPIRA NI YA NINI?

Throto ni ule mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta. Kwenye magari mengi ya petroli, maji ya rejeta yanapitishwa pembeni yake ili kuupasha moto. Sababu ni barafu. Hewa yenye unyevu ikipita kwenye mlango mwembamba inapoa zaidi, na kule kwenye baridi kali inaweza kugandisha mlango ukakwama.

Bodaboda za kawaida, zile ambazo injini yake inapozwa na upepo, hazina maji kabisa. Kama unapeleka mizigo kwa bodaboda, umepona kwenye hii.

FUNDI ANASEMA KWELI AU UONGO?

Kuna ukweli kidogo ndani yake. Hewa ya baridi ni nzito kuliko hewa ya moto, na injini ikipata hewa nzito inatoa nguvu zaidi. Swali ni je, huo mlango unaipasha hewa kiasi gani?

Tupige hesabu. Injini ya cc 1500 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukiwa umekanyaga mafuta mpaka chini, inavuta hewa lita kama 30 kila sekunde. Ndani ya throto yenyewe inaenea kama sehemu moja ya nane ya lita. Maana yake hewa inakaa mle ndani kama sekunde 4 ukigawanya kwa elfu moja. Ni kama kupitisha mkono juu ya moto wa jiko haraka haraka: joto lipo, ila hukai ukaungua.

Sasa tumpe fundi faida ya shaka. Tuseme hewa inapungua joto kwa nyuzi 3 nzima. Kila nyuzi 3 ni kama asilimia 1 ya uzito wa hewa. Injini yenye nguvu za farasi 100 itaongeza farasi 1. Mmoja tu! Na huyo unampata ukiwa umekanyaga mpaka mwisho. Ukiwa unaendesha kawaida humpati, kwa sababu wewe mwenyewe ndiye unayeamua hewa iingie kiasi gani kwa mguu wako.

Halafu kumbuka ukitoka kwa fundi injini imepoa na moyo una matumaini. Lazima uone gari limebadilika.

KINACHOKULA NGUVU NI MLIMA

Maeneo mengi ya juu ya Karagwe na Kyerwa yamepita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi: ukilinganisha na Dar es Salaam, imepungua kama sehemu moja ya sita. Kwa hiyo gari lilelile ulilolishusha bandarini, lisilo na tabo, likifika Kayanga limeshaacha njiani farasi kama 15 kati ya 100. Hakuna mpira wa maji utakaowarudisha. Ukivuka Kyaka ukaanza kupanda na magunia, dawa ni gia ndogo na mzigo unaolingana na gari.

HASARA IKO WAPI?

Tatu zinajulikana.

1. Kwenye baadhi ya magari ya zamani, maji hayohayo yanapasha vali ndogo inayoongeza hewa injini ikiwa ya baridi. Ikipata joto, inajifunga. Ukiyatoa maji, haijifungi vizuri. Gari linabaki linanguruma juu hata likisimama, na mafuta yanaondoka bure.

2. Mpira ukiunganishwa ovyo au klipu ikilegea, maji yanavuja. Kwa urefu wetu huu maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kinachoyazuia yasichemke ni presha iliyofungwa na mfuniko wa rejeta. Presha ikitoka mlimani, gari linachemsha. Likichemsha ukalazimisha, unaunguza gasketi ya silinda hedi. Hapo umepoteza gari, oda na mteja kwa siku moja.

3. Ukija kuliuza, mnunuzi anayejua atauliza kwa nini mipira imekatwa.

HELA HIYO IPELEKE HAPA

Tuseme fundi anataka 30,000. Kabla ya kumpa kwa kazi ile, mwambie afanye haya, moja moja:

✔ Aangalie chujio la hewa. Barabara zetu za vumbi zinaliziba haraka, na chujio lililoziba linanyima injini hewa kuliko mpira wowote.
✔ Asafishe throto kwa dawa yake. Uchafu mweusi pale ndani unafanya gari litetemeke likisimama.
✔ Akague plagi.
✔ Akague mfuniko wa rejeta na mipira yote ya maji, na aweke kulanti badala ya maji ya bombani.
✔ Wewe mwenyewe pima upepo wa matairi. Tairi laini linavuta gari nyuma.

Kisha pima kwa daftari. Jaza tenki, andika kilomita, fanya kazi zako za wiki, jaza tena, gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo kabla na baada ya matengenezo, kwa njia ileile na mzigo uleule. Daftari haliongozwi na matumaini.

NA WEWE UNAYEUZA SPEA MTANDAONI

Ukiona mtu anauza kipande cha mpira na klipu mbili kwa jina la "ongeza nguvu", usikimbilie kukopi tangazo. Mpira ni mpira. Uza mpira mzuri wa maji, andika saizi yake na magari unayoingia, basi. Mteja wa Kaisho akinunua ahadi ya nguvu halafu mlima ukamshinda palepale ulipokuwa ukimshinda, hatarudi kwako, na group zima la WhatsApp litajua kabla ya jioni. Mteja uliyemwambia "hiki hakitakusaidia, badilisha chujio kwanza" atarudi kununua chujio, na kesho plagi.

Jibu fupi: hiyo kazi haiongezi nguvu utakayoihisi. Acha mipira mahali ilipo, ila hakikisha haivuji.

Mtumie mwenzako mwenye gari la mizigo kabla hajaenda gereji. Na kama ulishafanyiwa hii kazi, tuambie daftari lako lilisema nini.