Msumeno wa Betri: Kimya Chake Kisimdanganye Mwanachama

Chama cha ushirika chenye shamba la zabibu katika Dodoma hakiwezi kuikwepa kazi ya kukata miti. Nguzo za mizabibu huliwa na mchwa na kuhitaji kubadilishwa. Hata katika maeneo ya mjini, kama vile Makole, miarobaini iliyopandwa kwa ajili ya kivuli hutanua matawi yake hadi juu ya mabati. Zamani kazi hiyo ilifanywa kwa shoka na msumeno wa mikono. Kisha ikaja misumeno ya mnyororo inayotumia petroli. Siku hizi madukani ipo pia ile inayoendeshwa kwa betri. Haina moshi, haihitaji kuchanganyiwa mafuta, na huwaka kwa kubonyezwa tu.

Msumeno wa mnyororo wa umeme si jambo geni. Andreas Stihl wa Ujerumani aliutengeneza wake mwaka 1926, nao ulikuwa mzito kiasi cha kuhitaji watu wawili kuushika. Kilichobadilika ni betri za lithiamu, ambazo hubeba nguvu nyingi katika uzito mdogo. Kwa sababu hiyo msumeno wa leo huonekana kama chombo cha nyumbani, na hapo ndipo hatari inapoanza.

Msumeno wa petroli hujitangaza. Hunguruma hata usipokuwa ukikata, na watu husogea mbali wenyewe. Wa betri hunyamaza kabisa kidole kinapoachia kibonyezo. Mpita njia hudhani umezimwa, mtoto husogea kuokota vijiti, na fundi mwenyewe hutembea kutoka mti hadi mti kidole kikiwa palepale. Kumbe mnyororo unaweza kurudi katika mwendo wake wote mara moja, na mwendo huo katika mashine nyingi ni mita 10 hadi 20 na zaidi kwa kila sekunde. Basi kila fundi anapohama, hata hatua chache, hana budi kufunga breki ya mnyororo. Akitaka kukaza mnyororo, kuunoa kwa tupa au kutoa gome lililokwama, sharti kwanza aichomoe betri. Kuachia kibonyezo peke yake hakutoshi.

Jambo la kuogopwa kuliko yote ni teke. Sehemu ya juu ya ncha ya upau, yaani kile chuma kirefu kinachobeba mnyororo, ikigusa tawi au gogo jingine, meno hung'ang'ania mti na msumeno mzima huruka juu na nyuma, kuelekea uso na shingo ya aliyeushika. Hutokea upesi kuliko mtu awezavyo kuondoa kichwa chake. Kwa hiyo mkono wa kulia hushika mpini wa nyuma, wa kushoto mpini wa mbele, na dole gumba la kushoto lizunguke mpini huo barabara. Mwili usimame kidogo upande wa kushoto, nje ya mstari wa upau. Msumeno usiinuliwe juu ya mabega, wala usitumiwe na mtu aliye juu ya ngazi. Wepesi wa mashine hii huwashawishi wengi kuishika kwa mkono mmoja huku mwingine ukivuta tawi. Huo ni ujinga, hata kama fundi ana uzoefu wa miaka mingi.

Mavazi ni kofia ngumu, miwani ya kinga, vizuia sauti vya masikioni, glavu, buti zenye ncha ya chuma, na suruali ya kinga. Suruali hiyo ina nyuzi ndefu ndani yake. Mnyororo ukizigusa, huzivuta na kuzisokota kwenye gurudumu la meno mpaka unakwama. Lakini mota ya umeme ina nguvu kubwa tangu mzunguko wa kwanza, na huenda isikwame upesi. Suruali hupunguza jeraha. Isitazamiwe kulizuia daima.

Kabla ya kuangusha mti, fundi autazame umeinamia wapi, upepo unatoka wapi, na kama shina lina uvungu. Watu wote wakae mbali kwa kadiri ya urefu wa mti mara mbili. Mkato wa kwanza, ule wa mdomo, hukatwa upande mti utakakoangukia, kiasi cha robo hadi theluthi ya unene wa shina. Mkato wa nyuma hausukumwi hadi mwisho: huachwa kipande cha mti katikati, kama sehemu moja ya kumi ya unene, kiwe bawaba ya kuuongoza mti. Fundi huondoka kwa njia aliyoisafisha mapema, kwa mshazari kuelekea nyuma. Matawi yaliyo karibu na nyaya za umeme yasiguswe. Hiyo ni kazi ya TANESCO.

Betri nayo ina masharti yake. Iliyotoka kazini ikiwa moto iachwe ipoe kwanza, kisha ichajiwe kivulini kwa chaja yake yenyewe, juu ya saruji, mbali na magunia na majani makavu. Isiachwe juani wala ndani ya gari lililofungwa. Iliyovimba au kupasuka isichajiwe tena, wala isitupwe motoni.

Kwa katibu, hata hivyo, betri ina maana nyingine: ndiyo ufunguo wa mashine. Msumeno wa petroli humtaka mtu ajue kuuwasha. Huu hata mtoto aweza. Kwa hiyo yafaa msumeno ukae stoo na betri ikae kabatini mwa ofisi pamoja na daftari la kasha la fedha, itolewe kwa sahihi na kurudishwa kwa sahihi. Daftari lionyeshe tarehe, jina la fundi aliyefundishwa, mahali pa kazi, na jina la mwenzake, kwa maana hakuna anayepaswa kukata peke yake. Mwenzake huyo awe na vitambaa safi, na ajue kukandamiza jeraha linalovuja damu wakati wote wa safari ya kwenda kituo cha afya. Pale Makole kituo hakiko mbali. Shambani ni habari nyingine.

Limebaki suala la sheria. Ofisi ya misitu ya wilaya iulizwe mapema habari za kibali cha kukata miti, na za usajili wa msumeno wenyewe. Chama kilichoajiri ni mwajiri kama wengine: Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 hukitaka kimlinde mfanyakazi, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 hukitaka kijiandikishe katika Mfuko wa Fidia. Lakini mwanachama aliyekwenda kusaidia kwa kujitolea si mwajiriwa, na akikatwa mguu huenda Mfuko usimtambue. Bodi na iamue kwa maandishi nani atashika msumeno, na gharama za matibabu yake zitatoka wapi, kabla mashine haijatoka stoo kwa mara ya kwanza.