Dawa za Kumbukumbu: Tusitoe Mshahara Kabla ya Kuuliza



Katika mikutano yetu ya hapa Nyamyumba wanachama wengi wametuuliza juu ya dawa zinazosemwa kuwa zinaongeza akili na kurudisha kumbukumbu. Mwenzetu mmoja mwenye umri wa miaka 57 alianza kusahau hesabu ya kreti na majina ya wenzake wa zamu. Kwa kuogopa kuachishwa kazi alilificha jambo hilo, akawa ananunua vidonge sokoni kwa muda wa miezi minne, huku nyumbani ada ya shule haijalipwa. Hakupata nafuu. Tulipomsindikiza kituo cha afya, ilionekana kwamba shinikizo la damu na sukari vyote vilikuwa juu sana. Kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kulieleza jambo hili.

DAWA HIZI NI NINI?

Mwaka 1964, huko Ubelgiji, mtaalamu Corneliu Giurgea wa kampuni ya UCB alitengeneza dawa iitwayo pirasetamu. Mwaka 1972 alizipa dawa za namna hiyo jina la nootropiki. Tangu hapo imepita zaidi ya miaka 50, na bado haijathibitishwa kwamba pirasetamu inazuia akili ya mzee isififie. Tena dawa hiyo hutoka mwilini kwa njia ya figo, hivyo mwenye figo mbovu inaweza kumdhuru.

Wengine huuza dawa ya majani ya mti wa ginko. Huko Marekani watu 3,069, wengi wao wenye miaka 75 na zaidi, walifuatiliwa kwa miaka kama 6. Nusu walipewa ginko, nusu kidonge kisicho na dawa. Matokeo yalitolewa mwaka 2008: ginko haikumkinga mtu na ugonjwa wa kusahau.

Ziko dawa za hospitali, kama donepezili, kwa ugonjwa ulioelezwa na daktari Alois Alzheimer wa Ujerumani mwaka 1906. Huwapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda, lakini haziponyi, na hutolewa na daktari baada ya kumpima mtu.

KUSAHAU KUNA SABABU NYINGI

Kusahau ulipoweka ufunguo si ugonjwa. Lakini kupotea njia ya nyumbani, au kushindwa kazi uliyoizoea miaka mingi, ni jambo la kupeleka hospitali. Huenda sababu ni upungufu wa vitamini B12, ugonjwa wa tezi ya shingo, huzuni kubwa, pombe nyingi au kukosa usingizi. Haya yana matibabu. Anayemeza vidonge vya sokoni anapoteza fedha, na pia anapoteza wakati wa kutibiwa.

Mwaka 2024 tume ya wataalamu wa jarida la Lancet la Uingereza ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu. Yote yakiondolewa, karibu wagonjwa 45 katika kila 100 wangeweza kuepuka ugonjwa au kucheleweshewa. Miongoni mwake ni shinikizo la damu, sukari, sigara, pombe nyingi, kuumia kichwa na kupoteza usikivu. Ndugu, haya mawili ya mwisho yanatuhusu kazini! Anayesimama miaka 20 kando ya mashine ya chupa au ya chai bila kinga ya masikio anapoteza usikivu wake, na akili yake pia imo hatarini.

TUFANYE NINI?

1. Kila mwenye miaka 40 na zaidi apimwe shinikizo la damu na sukari. Tulipie mituweli kwa wakati.

2. Tusinunue kidonge kisichojulikana jina wala kipimo chake. Tumwulize mwuguzi au mfamasia.

3. Tudai vizibo vya masikio na kofia ngumu, na tukipewa tuvivae.

4. Mwenzetu akianza kusahau, tusimcheke wala kumchongea kwa msimamizi. Aletwe kwanza kwa mjumbe wa chama, naye atamsindikiza hospitali. Akihitaji kubadilishiwa kazi, chama kitamsemea kikiwa na cheti cha daktari mkononi.

Kuugua si kosa la kazi. Asiyeficha husaidiwa mapema.

Umoja ni nguvu.