Kabla hujamlipa mwanasaikolojia, soma hii kwanza

Nilikuwa kimya kidogo, leo nasema kwa nini. Tangu tumzike mama nilikuwa silali. Saa nane usiku macho kodo, Chikongola nzima kimya, mimi nahesabu mabati. Mwezi wa tatu nikaamua kutafuta mtu wa kuongea naye, wa kulipia. Niliyokutana nayo ndo haya.

Kwanza majina, maana hapo ndo nilipoliwa. Wengi wetu ushauri nasaha tunaujua kwa kupima ngoma, enzi za vituo vya Angaza vilivyoanza 2001. Kumbe kuna zaidi. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari, anaandika dawa, na lazima awe amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Mwanasaikolojia tiba yeye anatibu kwa mazungumzo, haandiki dawa. Muulize kasoma wapi (MUHAS kwa mfano wanatoa shahada ya uzamili ya fani hiyo) na nani anamsimamia. Mimi sikuuliza. Jamaa mmoja wa mtandaoni aliyejiita "dokta" akala elfu thelathini yangu, akanitumia ujumbe mrefu wa kunitia moyo, basi. Ujumbe kama ule shangazi angeniandikia bure!

Halafu hesabu. Kikao huwa dakika 45 mpaka saa moja, mara nyingi kila wiki, na kimoja hakitoshi. Dada niliyempata baadaye, yuko Dar, alinitajia elfu arobaini. Vinne kwa mwezi ni laki na sitini! Nikamwambia ukweli, sina. Akakubali kila baada ya wiki mbili, vikao sita, kisha tuangalie. Kwa hiyo bei inaongeleka, ila iongelee kabla hujaanza. Uliza na usipotokea itakuwaje: kwake, usipotoa taarifa siku moja kabla, unalipa. Na kama kwenu pesa inaonekana korosho zikiuzwa, Oktoba hivi, bora uanze hapo kuliko kukatisha njiani.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni pa kuongelea. Dar ni zaidi ya kilomita 550, kwa hiyo tulitumia simu. Chumbani nalala na wadogo zangu wawili. Kafe ndo usiseme. Nikaenda ufukweni Shangani, upepo mtupu, dada wa watu kila saa "husikiki". Mwisho nikamdanganya mjomba kwamba nasoma kozi kwa simu, akaniachia ufunguo wa stoo yake mchana.

Siri nayo. Yule dada alisema mapema: unayosema yanabaki hapa, isipokuwa ukitaka kujiua au kumdhuru mtu. Asiyekueleza hilo siku ya kwanza, muulize.

Huna pesa kabisa? Anzia Hospitali ya Ligula. Na mtibabu si lazima awe na ofisi ya vioo: Harare, Dk. Dixon Chibanda alianza 2006 kuwafundisha kina bibi kuwasikiliza watu kwenye mabenchi ya zahanati, na utafiti wa 2016 ulionyesha sonona inapungua kweli. Ila kama wazo la kujiua limeshakujia, usisubiri miadi ya mtu. Mwambie wa karibu yako, mwende hospitali leo leo.

Mimi nimemaliza kikao cha nne. Sasa nalala mpaka saa kumi. Vimebaki viwili, na mjomba ameanza kuulizia cheti cha kozi.