Kamba za Shingo: Msuli Unaovuta au Ngozi Iliyolegea?

Simama mbele ya kioo, uma meno, kisha vuta pembe za mdomo chini kama mtu aliyeonja shubiri. Shingoni zitachomoza kamba mbili, moja kila upande wa koo, zikishuka kutoka chini ya kidevu kuelekea kwenye mitulinga. Kwa kijana hutokea na kupotea papo hapo. Kwa mtu wa miaka 50 au 60 huenda zikabaki hata akiwa ametulia, na hapo ndipo wengine huanza kupenda skafu na kuulizia bei za matibabu. Swali la kwanza huwa ni lile lile: sindano au kisu? Nadhani swali hilo limeruka hatua. Kabla ya kuchagua chombo inafaa kujua kinachotibiwa, kwa sababu msuli unaovuta na ngozi iliyolegea huonekana kwenye shingo ile ile, ila dawa ya mmoja haimfikii mwenzake.

Kamba zenyewe ni kingo za msuli uitwao platisma, jina lililotoka kwenye neno la Kigiriki la kitu bapa. Ni msuli mpana, mwembamba kama kitambaa, unaoanzia juu ya kifua na mabega, ukavuka mitulinga na kupanda chini ya ngozi hadi kwenye taya na pembe za mdomo. Haugeuzi kichwa wala haubebi mzigo. Ni masalia ya tabaka ambalo wanyama wengi wanalo karibu mwili mzima: ukimwona ng'ombe akitikisa ngozi ya ubavu ili nzi aruke, huku mwenyewe hajasogea hata hatua moja, umemwona ndugu wa platisma akiwa kazini. Kwa binadamu umebakia kuonyesha hofu na karaha, na kumsaidia mwanamume kukaza ngozi ya shingo anaponyoa ndevu. Mikunjo ya mlalo, ile inayoizunguka shingo kama pete na ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa urembo, ni jambo jingine kabisa.

Kwa muda mrefu madaktari wa upasuaji waliamini kuwa msuli huu huzeeka kama pazia: unalegea, kingo zake zinaachana katikati na kuning'inia. Kama ndivyo, dawa ni kuushona. Mwaka 2017 Patrick Trévidic na Gisella Criollo-Lamilla walichapisha uchunguzi uliotikisa imani hiyo. Waliwatazama watu waliopooza upande mmoja wa uso kwa miaka mingi. Uzuri wa kipimo hiki ni urahisi wake. Shingo ni moja, umri ni mmoja, jua lililoichoma ni lile lile, na mvutano wa dunia unavuta pande zote sawasawa. Kama kamba huletwa na uzee tu, zingepaswa kulingana kushoto na kulia. Hazikulingana. Zilionekana zaidi upande wenye msuli mzima, unaokaza na kuachia kila siku, kuliko upande ambao mshipa wa fahamu ulikuwa umekufa. Walioangaliwa hawakuwa wengi, na uchunguzi huo hausemi kwamba ngozi hailegei. Unachoonyesha ni kwamba kamba, kama kamba, ni kazi ya msuli ulio hai.

Kwa mtu mwenye ngozi ambayo bado inashika na kamba zinazoruka anapoongea, sindano ina mantiki. Dawa yake ni sumu ya botulinamu, inayojulikana zaidi kwa jina la Botox. Sumu hii huzuia mwisho wa mshipa wa fahamu usitoe kemikali inayouamuru msuli ukaze. Ilianza hospitalini wala si saluni: Marekani iliiruhusu mwaka 1989 kwa matatizo ya macho, yakiwemo makengeza, na mikunjo ya katikati ya nyusi ikafuata mwaka 2002. Kwa kamba za shingo madaktari waliitumia miaka mingi kwa uamuzi wao wenyewe, hadi Oktoba 2024 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo ilipoidhinisha Botox rasmi kwa kazi hiyo. Mgonjwa huchomwa sindano ndogo ndogo kufuata kamba na ukingo wa taya, bila nusukaputi, kisha anarudi nyumbani. Baada ya miezi mitatu au minne mshipa wa fahamu unapata tena sauti yake na kamba zinarudi.

Wepesi huo usimdanganye mtu. Chini kidogo tu ya kile kitambaa cha platisma ipo misuli ya kumeza na ya sauti. Dawa ikizidi, au sindano ikizama kupita kiasi, mtu anaweza kukaa wiki kadhaa akisakamwa na maji ya kunywa au akishindwa kuinua kichwa vizuri kutoka kwenye mto. Wenye maradhi ya udhaifu wa misuli hawafai kuchomwa kiholela, na wajawazito hushauriwa wasubiri. Kuna pia suala la kilichomo kwenye chupa. Mwaka 2024 Marekani iliripoti watu 22 katika majimbo 11 waliougua baada ya kuchomwa sindano za namna hii, baadhi zikiwa bandia, na wengi wao walichomwa na watu wasio na leseni au mahali pasipo pa tiba, kama nyumbani. Ikiwa hayo yametokea huko kwenye ukaguzi mkali, anayechomwa kwenye kiti cha saluni ana haki ya kuuliza chupa ilihifadhiwa wapi. Botox halisi hukaa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 kabla ya kufunguliwa.

Ngozi ikishaning'inia, sindano haina la kufanya. Inaulegeza msuli, haipunguzi nguo iliyokuwa kubwa kuliko mwili. Hapo upasuaji ndio wenye jibu. Daktari hupasua mstari mfupi chini ya kidevu, akazikutanisha kingo mbili za platisma na kuzishona katikati. Mwaka 1990 Joel Feldman alieleza namna ya kuzishona kuanzia juu hadi chini, mfano wa kukaza kamba za koseti. Ngozi iliyozidi huvutwa na kukatwa kupitia mipasuo inayofichwa nyuma ya masikio. Uvimbe na michubuko huchukua takriban wiki mbili, ganzi ya ngozi hukaa zaidi, na hatari za kuogopwa ni damu kuvujia chini ya ngozi na kuumia kwa mshipa wa fahamu unaoshusha mdomo, tabasamu likaenda upande.

Kati ya sindano na kisu kuna soko zima la mashine za mawimbi ya sauti na za joto, nyuzi za kuvutia ngozi, na krimu. Mashine zinaweza kukaza ngozi kidogo kwa aliyelegea kidogo. Krimu haifiki kwenye msuli. Mazoezi ya kukunja shingo yanayosambazwa kwenye simu yanashangaza zaidi, kwani ikiwa kamba ni tunda la msuli unaofanya kazi, kuuzidishia kazi ni tiba ya ajabu. Sindano ya kuyeyusha mafuta ya kidevu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015, ni nzuri kwa mafuta, lakini mafuta hayo huenda ndiyo yaliyokuwa yakizifunika kamba. Yakiondoka, zinabaki wazi kuliko mwanzo.

Atatokea wa kusema kwamba haya yote ni anasa, shingo ya mzee iachwe iwe ya mzee. Kuiacha ni chaguo halali, tena lisilo na madhara hata moja, kwani kamba hizi si ugonjwa. Ila hoja ya anasa haimsaidii aliyekwisha kuamua. Huyo anahitaji asilipie kitu kisichomhusu. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la hesabu: sindano hurudiwa kila mwaka mara tatu au nne, kisu mara moja, basi kisu ni nafuu. Hesabu hiyo inachukulia kuwa kushona kunaufunga mjadala. Msuli ulioshonwa bado una mshipa wake wa fahamu, bado unakaza, na kamba zinaweza kurudi, ndiyo maana kuna waliofanyiwa upasuaji wanaorejea kuchomwa sindano. Tena kwa wenye ngozi nyeusi ipo gharama isiyoandikwa kwenye risiti. Makovu ya kuvimba, keloidi, yanatupata zaidi kuliko weupe, na masikio na ukingo wa taya ni miongoni mwa sehemu yanapopenda kuota. Aliyewahi kuota uvimbe kwenye tundu la hereni amwambie daktari kabla ya bei kutajwa. Kamba mara nyingi hujificha mtu anapotulia. Keloidi chini ya kidevu haijifichi, na kuikata tena mara nyingi huiamsha ikue kubwa zaidi.