Rubani Mchanga na Glaida Kuukuu

Anayesimama Lusu, wilayani Nzega, adhuhuri ya kiangazi na kuinua macho yake, huwaona tumbusi wakizunguka juu angani bila kupiga mbawa. Joto la ardhi ya Unyamwezi huipandisha hewa, na hewa hiyo huwabeba. Wapagazi wa misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walitembea chini ya ndege wa aina hiyo hiyo. Mwanadamu naye ameipata elimu yao kwa kuunda eropleni isiyo na mashine, iitwayo glaida. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa Uingereza Colin Pennycuick aliwafuata tumbusi wa Serengeti kwa glaida ya ASK 14, yenye injini ndogo ya kuinukia, ili aijue siri ya safari zao.

Leo tunasema na kijana wa Afrika Mashariki aliyekwisha kupata leseni, mwenye saa chache za kuruka, anayetaka kununua glaida yake ya kwanza, iliyokwisha kutumika. Tunasema pia na maofisa watakaotia sahihi karatasi zake. Neno letu ni moja: anunue chombo kinacholingana na ujuzi alio nao leo, wala si ule anaotumaini kuupata kesho.

Kishawishi cha kwanza ni tarakimu. Ka 8 ya Ujerumani, iliyoanza kuruka 1957, huenda mbele mita 27 kwa kila mita moja inayoshuka. Standard Cirrus ya 1969 hukaribia mita 38. Kijana atavutwa na hiyo ya pili. Lakini mkia wa mlalo wa Cirrus hugeuka wote kwa pamoja, na mkono mzito kidogo huifanya iruke na kuinama ghafla. Astir CS ya 1974 huenda karibu umbali huo huo, nayo humsamehe zaidi mwanafunzi. Kwa hiyo tarakimu haisemi yote. Watu wa Nzega, wanaoijua dhahabu, hawahitaji kufundishwa kwamba si kila king'aacho ni dhahabu.

Ndugu zetu wa visiwani nao wana somo la kutupa. Mtu anayenunua jahazi kuukuu haanzi na rangi. Huanza na mkuku na mataruma, akagonga mbao, akatazama kalafati, akauliza liliwahi kupanda mwamba wapi na nani alilitengeneza. Glaida ni vivyo hivyo. Ikiwa ni ya mbao, joto na unyevu huidhoofisha gundi iliyofichika ndani ya ubawa. Ikiwa ni ya faibaglasi, nyufa za juu huenda zikawa za rangi tu, au zikawa dalili ya pigo la zamani. Anayeweza kuzitofautisha ni fundi mwenye cheti, wala si muuzaji.

Msiba wa Austria wa tarehe 12 Juni 2010 utukumbushe jambo hili. Siku hiyo glaida ya L-13 Blanik ilivunjika ubawa angani, ikaanguka na kuua. Aina hiyo, iliyoundwa Chekoslovakia na kuruka mara ya kwanza 1956, ilikuwa imetengenezwa zaidi ya 2,000 na kufundisha marubani wengi duniani. Uchunguzi ulionyesha kwamba mhimili mkuu wa ubawa ulikuwa umechoka. Metali huchoka kama mpagazi, ila mpagazi huweza kusema. Metali husemewa na daftari: saa ilizoruka, mara ilizotua, michezo ya angani iliyochezwa nayo. Baada ya ajali hiyo Blanik zilizuiwa kuruka. Daftari lenye kurasa zilizopotea, basi, ni sababu tosha ya kuacha biashara, hata bei ikiwa ndogo namna gani.

Mnunuzi apime pia uzito wake, kwani kila glaida ina kiwango cha chini na cha juu cha uzito wa rubani, na kukipuuza ni kuharibu mizani ya chombo. Alikague tela la kuibebea. Kisha mwalimu wake airushe kwanza, naye aketi kwa muda mrefu ndani yake ikiwa ardhini, mpaka mkono uifikie breki ya mbawa bila msaada wa macho.

Kwa maofisa tunasema hivi: ukaguzi si adha kwa mwananchi. Muhuri unaogongwa bila chombo kufunguliwa na kutazamwa haumfai mtu yeyote, na kwa rubani mchanga ni hatari, kwa kuwa yeye huuamini kuliko macho yake mwenyewe. Tumbusi hahitaji cheti, maana mbawa zake amekua nazo. Kijana wetu anapewa mbawa zilizozeeka mikononi mwa wengine. Ana haki ya kuambiwa ukweli wake wote kabla hajaondoka ardhini.