Gorila Wameongezeka, Lakini Damu ni Ileile

TUNAPOSIKIA hapa Kigali kwamba watoto wa gorila wamepewa majina katika sherehe ya Kwita Izina, tunapiga makofi na kudhani kazi imekwisha. Ni kweli lipo la kufurahia. Hesabu ya mwaka 2010 ilipata gorila wa milimani 480 katika safu ya Virunga. Ile ya 2015 na 2016 ikapata 604. Ukijumlisha na 459 waliohesabiwa mwaka 2018 Bwindi, Uganda, na Sarambwe, Congo, jumla ni 1,063.

Je, ndugu msomaji, wanahesabiwaje ilhali huvuka mipaka ya nchi tatu bila kibali? Kila jioni gorila hutandika kiota kipya cha majani. Watafiti hufuata viota hivyo na kuokota kinyesi katika kila kimoja. Maabara husoma vinasaba vilivyomo, na kila mnyama hutambulika kama mtu mwenye kitambulisho. Aliyelala Rwanda juzi na Congo jana hahesabiwi mara mbili.

Vinasaba hivyo hivyo ndivyo vinavyonitia wasiwasi. Aprili 2015, watafiti wakiongozwa na Taasisi ya Sanger ya Uingereza walitoa matokeo ya kusoma vinasaba vyote vya gorila kadhaa wa Virunga. Damu ilikusanywa kwa miaka kadhaa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, taasisi ya hifadhi ya Congo, ICCN, na madaktari wa Gorilla Doctors. Walikuta kwamba katika theluthi moja hivi ya vinasaba, urithi wa baba na wa mama unafanana kabisa. Maana yake, ndugu wamezaana na ndugu kwa vizazi vingi.

Sisi tuliorudi na ng'ombe kutoka Uganda na Tanzania tunalijua jambo hili. Dume moja likikaa zizini miaka mingi na kuwapanda binti zake, ndama hudhoofika, na mfugaji hutafuta dume la mbali. Gorila hawana wa kuwatafutia. Kati ya Virunga na Bwindi kuna mashamba na makazi ya watu, hivyo makundi hayo mawili hayakutani.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba kasoro mbaya kabisa za urithi zimepungua kwao, kwa kuwa wameishi wachache kwa maelfu ya miaka. Hofu kubwa ni maradhi: wanaofanana mno wanaweza kuangushwa wote na ugonjwa mmoja. Ndiyo maana mgeni mwenye mafua haruhusiwi kuwakaribia.

Kwa wenzangu wa biashara ya mpakani, nina neno. Agosti 2011 mtoto wa gorila aliyevushwa kutoka Congo alikamatwa upande wa Rwanda. Ili kumpata mtoto, majangili mara nyingi huua mama na wanaomtetea. Wasidhani mpaka unafuta nyayo: unywele tu unaweza kuonyesha mnyama ni wa aina gani, na kusaidia kujua ametoka msitu upi.

Tangu 2017 asilimia 10 ya mapato ya hifadhi zetu huenda kwa wananchi wanaozizunguka, kwa hiyo hasara ni yetu sote. Ukiombwa Gisenyi au Cyanika kuvusha mzigo usioujua, kataa, kisha toa taarifa. Kila gorila aliyebaki huenda ana kipande cha urithi ambacho mwingine hana. Akifa huyo bila kuzaa, hata wakizaliwa kumi wengine, kipande hicho hakirudi.