Jinsi Nasaba ya Abraham Lincoln Ilivyotafutwa

Wasomaji wenzangu, wengi wetu twalijua jina la Abraham Lincoln, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu mwaka 1861 hata alipouawa mwaka 1865. Twajua pia kwamba alizaliwa maskini, katika kibanda cha magogo huko Kentucky, mwaka 1809. Lakini liko jambo moja ambalo mimi nililikuta vitabuni nikastaajabu, nalo ni kwamba mtu mkuu huyu alikufa bila kujua babu zake walitoka wapi. Leo wanajulikana wale wa upande wa baba, mpaka yule wa kwanza aliyevuka bahari. Nimeona vema nieleze jinsi walivyopatikana, maana kazi hiyo yafundisha mengi juu ya historia na ushahidi wake.

Lincoln mwenyewe alijua machache. Alijua kwamba babu yake, ambaye naye aliitwa Abraham, alihama kutoka wilaya ya Rockingham katika Virginia akaenda Kentucky, akauawa huko na Wahindi Wekundu, yaani wenyeji wa asili wa nchi ile. Alisikia pia kwamba wazee wa nyuma zaidi walikuwa watu wa Pennsylvania. Hapo habari ilikoma. Mwaka 1848, alipokuwa mjumbe wa Baraza la Congress, bwana mmoja wa mji wa Hingham katika Massachusetts, jina lake Solomon Lincoln, alimwandikia kumwuliza habari za ukoo wake. Wakaandikiana barua. Waliona kwamba koo zote mbili zilipenda majina yale yale, kama Mordecai, Levi, Solomon na Abraham. Lakini majina kufanana si ushahidi. Hata alipoandika habari za maisha yake kabla ya uchaguzi wa 1860, Lincoln alisema kwamba zaidi ya majina hayo hapana lililothibitika.

Baada ya kifo chake wachunguzi waliendelea. Sheria yao ya kwanza ilikuwa hii: anza na mtu unayemjua, kisha rudi nyuma hatua moja moja, wala usiruke hata moja. Asiyefanya hivyo, akaanza na mtu maarufu wa kale na kushuka, atajipatia ukoo mzuri usio wake.

Basi walianza na yule babu, Abraham wa Kentucky. Huko alipatikana katika karatasi za ardhi. Mwaka 1785 alipimiwa eka 400, lakini karani aliandika jina lake Linkhorn, kwa jinsi alivyolisikia. Siku zile watu wengi hawakujua kuandika, na tahajia haikuwa na kanuni. Mtafutaji hana budi kusoma kwa sikio, si kwa jicho tu. Karatasi hiyo ilisahihisha jambo jingine. Lincoln alidhani babu yake aliuawa mwaka 1784. Lakini mtu aliyepimiwa shamba mwaka 1785 alikuwa hai mwaka ule! Leo twajua kwamba aliuawa mwaka 1786, alipokuwa shambani pamoja na wanawe watatu. Mdogo wao alikuwa Thomas, mwenye umri wa miaka minane, ambaye baadaye alikuwa baba wa Rais. Na kwa kuwa sheria ya urithi ya Virginia, iliyotumika huko wakati ule, ilimpa mwana wa kwanza ardhi ya baba asiyeacha wasia, Thomas alikua bila shamba. Hivyo umaskini wa nyumba ya Lincoln una maelezo yake katika vitabu vya sheria.

Hatua ya pili iliwapeleka Virginia. Katika ofisi ya wilaya wanakoandikisha mashamba yanayouzwa au kutolewa, ilionekana kwamba mtu aliyeitwa John Lincoln alinunua eka 600 mwaka 1768, na mwaka 1773 akampa mwanawe Abraham sehemu yake. Abraham aliuza shamba hilo mwaka 1780 ili ahamie Kentucky. Hapo mwana na baba walifungamana kwa hati.

Hatua ya tatu ndiyo iliyokuwa ngumu kuliko zote, nayo ndiyo iliyomshinda Lincoln. Huyu John alitoka kwa nani? Huko Pennsylvania alipatikana Mordecai Lincoln, aliyefariki mwaka 1736 na kuacha wasia. Katika wasia huo alimwachia mwanawe John eka 300 katika nchi ya New Jersey. Je, ni John yule yule? Jibu lilikuwa katika hati nyingine, ya mwaka 1748, ambayo kwayo John Lincoln wa Pennsylvania aliuza eka 300 za New Jersey zilizokuwa mali ya baba yake Mordecai. Eka ni zile zile, mahali ni pale pale, na jina la baba ni lile lile. Kwa karatasi moja ya kuuza shamba, mlango uliofungwa tangu siku za Lincoln ulifunguka.

Nieleze hapa jambo linalowatatiza wasomaji wa hati hizo. Wasia wa Mordecai una tarehe ya mwezi wa Februari, na mwaka wake huandikwa 1735/6. Si kwamba karani alikuwa na shaka. Katika nchi za Waingereza, kabla ya mwaka 1752, mwaka mpya ulianza tarehe 25 Machi. Kwa hiyo Februari ulihesabiwa kuwa mwezi wa mwaka uliopita, nasi kwa hesabu yetu twauita wa mwaka uliofuata. Asiyejua hili aweza kuona mtoto aliyezaliwa kabla ya wazazi wake kuoana, akawasingizia watu wema.

Kutoka kwa Mordecai huyo njia ikawa nyepesi. Alizaliwa Massachusetts mwaka 1686, na baba yake, naye pia Mordecai, alikuwa mhunzi aliyezaliwa Hingham mwaka 1657. Baba wa mhunzi huyo alikuwa Samuel Lincoln, ambaye ndiye aliyetoka Uingereza mwaka 1637, akiwa mtumishi na mwanafunzi wa mfumaji wa nguo aliyeitwa Francis Lawes. Basi Hingham ya Solomon Lincoln ilikuwa kweli chimbuko la ukoo wa Rais, ingawa wawili hao hawakuweza kulithibitisha.

Hata kwa Samuel pana la kufikiri. Orodha ya wasafiri yasema alikuwa na miaka 18. Lakini kitabu cha ubatizo cha kanisa la Hingham, katika jimbo la Norfolk huko Uingereza, chaonyesha kwamba alibatizwa tarehe 24 Agosti 1622. Ikiwa alibatizwa mchanga, hakuwa na miaka 15 kamili. Hati mbili zinapopingana, mchunguzi huuliza ni ipi iliyoandikwa karibu zaidi na tukio, na nani alikuwa na sababu ya kusema visivyo. Tena katika Hingham ya Marekani walikuwako watu wanne walioitwa Thomas Lincoln kwa wakati mmoja, nao walitenganishwa kwa kazi zao: mfumaji, msaga nafaka, fundi wa mapipa na mkulima. Ndugu yake Samuel alikuwa yule mfumaji.

Hivyo vizazi ni saba: Samuel, Mordecai, Mordecai, John, Abraham, Thomas, na Abraham aliyekuwa Rais.

Mtu aweza kuuliza, kuna faida gani? Nitajibu kwa habari ya mama yake Lincoln, Nancy Hanks. Adui za Lincoln walieneza uvumi kwamba wazazi wake hawakuoana kwa halali. Watu walitafuta hati ya ndoa katika wilaya ya Hardin, walikoishi, wasiione, nao uvumi ukapata nguvu. Lakini baada ya Lincoln kufa, hati hiyo ilionekana katika wilaya nyingine, Washington, ambako harusi ilifanyika. Karatasi ya dhamana ya ndoa ni ya tarehe 10 Juni 1806, na mhubiri Jesse Head aliandika kwamba aliwaoza tarehe 12. Tarehe hiyo yapatana na ile aliyoiandika Lincoln kwa mkono wake katika Biblia ya nyumbani. Kukosa hati mahali pamoja si ushahidi kwamba haipo, na heshima ya mwanamke aliyekufa tangu 1818 ilirudishwa na kabati la karani.

Lakini tusidhani kwamba kila ukoo wa Marekani waweza kutafutwa hivi. Tazameni hati zenyewe: ardhi, wasia, na ardhi tena. Aliyekuwa na shamba aliandikwa. Asiye nalo alipita kimya. Wanawake walibadili majina walipoolewa, na kwa sababu hiyo nasaba ya Nancy Hanks ilibishaniwa muda mrefu kuliko ya mumewe. Wenyeji wa asili, ambao ardhi ile ilikuwa yao, hawakuulizwa neno katika upimaji. Na watumwa wenye asili ya Afrika walipata hasara iliyo kubwa kupita zote. Hesabu ya watu ilianza Marekani mwaka 1790, na tangu 1850 kila mtu huru aliandikwa kwa jina lake. Lakini katika hesabu za 1850 na 1860 watumwa waliandikwa chini ya jina la bwana wao, kwa umri na jinsia na rangi, wala majina yao hayakuandikwa isipokuwa kwa nadra. Hesabu ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwataja wote kwa majina. Hivyo wajukuu wao wakitafuta nyuma hufika mwaka 1870 kama mtu aliyefika ukutani, na wengi hulazimika kuwatafuta babu zao katika wasia za mabwana, kati ya ng'ombe na vyombo vya nyumba. Lincoln aliyewatangazia uhuru mwaka 1863 alipata babu zake wa upande wa baba baada ya kufa; watu wengi aliowatangazia uhuru huo hawakuwapata wao.

Hapa kwetu Uganda tunao wazee wanaoweza kuhesabu mababu kwa mdomo, na tunavyo vitabu vya ubatizo na ndoa katika misheni zetu, sawa na kile cha Hingham. Wazee hufa na karatasi huliwa na mchwa. Basi, rafiki msomaji, ukienda likizo chukua daftari, umwulize babu yako na bibi yako, uandike majina pamoja na mahali na mwaka. Uandike na ya kina mama pia.